Kibali ni chako, si cha mume: niliyosema Mikindani kuhusu viza ya mwenza mpaka makazi ya kudumu

Haya ni maneno niliyozungumza na kikundi cha akina mama wa hapa Mikindani pamoja na vijana waliokuja kusikiliza. Watu wengi wameomba niyaandike kwa hiyo nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimeondoa tu pale tulipokatizana kwa maswali.

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, shikamooni wazee wangu. Itifaki imezingatiwa, naomba nisianze kutaja mmoja mmoja maana lazima ntamsahau mtu na hapa wote ni ndugu.

Mmeniita nizungumzie jambo moja, kwamba mtu kaolewa au kaoa nje, kapewa viza ya mwenza, je anafikaje kwenye makazi ya kudumu. Na hili jambo huku kwetu siyo la mbali tena. Tangu mambo ya gesi yashike kasi, na hawa wageni wanaokuja kujitolea mashuleni na mahospitalini, watoto wetu wanaoana nao, harusi inapigwa, video inazunguka Mtwara nzima mpaka Masasi, afu binti anapanda ndege na kuanzia hapo hamna anayemuuliza karatasi zake zimefikia wapi. Tunauliza ametuma shilingi ngapi. Tunauliza amezaa au bado. Kuhusu kibali chake hamna anayeuliza, mpaka siku anapiga simu usiku analia.

Mimi naishi Leeds, Uingereza, kazi yangu ni kutunza wazee, na njia hii nimeipita yote kuanzia viza ya ndoa mpaka kile kibali cha kukaa bila kikomo ambacho wenyewe wanakiita ILR. Kwa hiyo ntazungumzia zaidi Uingereza maana ndo naijua. Mi siyo mwanasheria, na mjue kabisa kule kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai, sheria ipo tangu mwaka 1999, kwa hiyo leo nawaambia njia ilivyo, ila kesi yako wewe mwenyewe mpelekee wakili au mshauri aliyesajiliwa. Ukikutana na mtu kwenye WhatsApp anakwambia nipe hela ntakusukumia faili lako, huyo kaa naye mbali.

Kitu ninachotaka mkishike leo ni hiki. Viza ya mwenza inaanza kwa jina la mume wako au mke wako, yeye ndo mdhamini, mapato yake ndo yanaangaliwa, hilo halina ubishi. Lakini makazi ya kudumu ni haki yako wewe, unaiomba wewe, na inajengwa na karatasi zenye jina lako, na hizo karatasi haziji mwaka wa tano, zinaanza wiki ya kwanza unapofika. Wengi wetu tunalala miaka minne tukiamini kwamba mwenye nchi ndo atashughulika, na mwenye nchi mwenyewe mara nyingi hajui chochote, maana yeye kazaliwa pale hajawahi kuomba kibali maishani mwake!

Njia yenyewe iko hivi. Ukiomba ukiwa hapa Tanzania unapewa viza ya miaka 2 na miezi 9. Ikikaribia kuisha unaomba nyongeza, unapewa miaka 2 na nusu. Ukifikisha miaka 5 kwenye njia hiyo ya mwenza unaomba ILR. Kuna wanaoenda kwa viza ya uchumba, hiyo ni miezi 6, huruhusiwi kufanya kazi, unafunga ndoa kule afu unaomba kubadilisha ukiwa ndani, na ile miezi ya uchumba haihesabiwi kwenye miaka 5. Nimekutana na watu wanaoihesabu, wakaanza kujiandaa kabla ya muda wao.

Sasa hela, na hapa naomba wazazi na wajomba mnisikilize vizuri. Kwa ada zilizoanza Aprili 2025, ombi la kwanza ukiwa nje lilikuwa pauni 1,938, na juu yake kuna ada ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka, kwa hiyo kwa ile viza ya kwanza inakuja pauni 3,105. Nyongeza ni pauni 1,321 na ada ya afya tena pauni 2,587 na senti zake. ILR yenyewe pauni 3,029. Jumlisha zote unakaribia pauni 12,000, hapo hujaweka mitihani, hujaweka nauli, hujaweka wakili. Kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 35. Na ada zinapanda karibu kila mwaka. Kwa hiyo binti yenu akiwaambia mwaka huu siwezi kuchangia bati la nyumba, si kwamba amebadilika, si kwamba mume kamfunga, inawezekana anaweka akiba ya kibali, na akishindwa kulipa kwa tarehe yake ndo ndoa nzima inaingia matatani. Mimi naona familia zetu zinaweza kumsaidia mtu kwa kutomdai tu katika miaka hiyo mitano, na hilo ni msaada mkubwa sana.

Kuna na kiwango cha mapato. Tangu Aprili 2024 mdhamini anatakiwa awe na mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka, zamani ilikuwa 18,600, na waliokuwa wameshaanza njia kabla ya mabadiliko wanaendelea na kile cha zamani. Kizuri ni kwamba ukishafika kule na una ruhusa ya kufanya kazi, kwenye nyongeza na kwenye ILR mshahara wako unajumlishwa na wa mwenzako. Ndo maana nasema tafuta kazi mapema, kazi yenye karatasi ya mshahara, inayopita benki. Kazi ya kulipwa mkononi kwenye mgahawa wa mtu unayemfahamu haikusaidii kitu siku ya ombi, hata kama umeifanya miaka mitatu. Benefiti, yaani misaada ya fedha ya serikali, huruhusiwi kuomba ukiwa kwenye viza hii, hospitali unatibiwa maana umeshailipia ile ada ya afya, na watoto wanasoma, hilo msiogope.

Nije kwenye karatasi, maana hapa ndo watu wanaangukia.

Uhamiaji wa kule wanataka kuona kwamba nyie wawili mnaishi pamoja kweli kweli. Picha za harusi wanaziona, sawa, ila haziwatoshi. Wanachotaka ni barua zilizokuja kwenye nyumba ile kwa miaka ile, zenye majina yenu wote wawili, au moja yako moja yake kwa anwani moja. Kawaida ni barua kama 6 zilizotawanyika ndani ya miaka 2, zimetoka sehemu tatu tofauti au zaidi: benki, kaunsili (yaani halmashauri ya eneo), kampuni ya umeme au maji, hospitali, watu wa kodi. Sasa fikiria binti wa kwetu. Kafika, nyumba ni ya mume, umeme jina la mume, kodi ya kaunsili jina la mume, intaneti jina la mume, hata ile kadi ya dukani ya kukusanya pointi jina la mume. Anapika, anafua, analea, watu wote mtaani wanamjua, lakini kwenye karatasi hayupo. Hata barua moja ya kusema huyu mtu analala humu ndani hana.

Nyie watu wa korosho mnalijua hili kuliko mimi. Ukipeleka gunia zako kwenye chama cha msingi unadai stakabadhi, hata kama karani ni mtoto wa shangazi yako na kakuona unashusha kwenye pikipiki kwa macho yake, maana siku ya malipo hawaulizi nani alikuona, wanauliza karatasi iko wapi.

Kwa hiyo wiki ya kwanza fanya haya. Jisajili kwa daktari wa eneo lako, ni bure, na barua za hospitali zinaanza kuja kwa jina lako. Fungua akaunti ya benki. Mwambie mwenzako apige simu kaunsili waongeze jina lako kwenye bili ya kodi ya nyumba, ni simu fupi tu, mi nilikaa pembeni ya mume wangu kwenye kochi, akaweka spika, yule mama wa kaunsili akauliza jina langu niandikiwe vipi, nikamtajia herufi moja moja kama lilivyo kwenye pasipoti, na bili iliyofuata ikaja na majina mawili, langu chini ya lake. Nilinunua faili la plastiki lile lenye mifuko, kila barua iliyokuja na jina langu naitoa kwenye bahasha, naangalia tarehe, kama tarehe ipo na anwani ipo inaingia mfukoni, mwaka mmoja mfuko mmoja. Mume wangu alikuwa anashangaa kwa nini natunza barua ya daktari wa meno. Siku ya ILR ile barua ya daktari wa meno ilikuwemo.

Na siku hizi mambo mengi yanakuja kwa imeili, usitegemee kwamba utayakuta baadae, benki nyingine baada ya muda huwezi kushusha taarifa za zamani. Shusha kila baada ya miezi michache, tunza kwenye imeili yako mwenyewe, yenye pasiwedi yako mwenyewe. Hilo la pasiwedi ntalirudia mbele.

Kabla hujaondoka hapa Mtwara au Lindi kuna kazi ya kufanya pia. Majina. Jamani majina! Cheti cha kuzaliwa kinasema Zainabu Issa, namba ya NIDA inasema Zainab Issa Hamisi, cheti cha shule kinasema Zaina Issa, na cheti cha ndoa shehe kaandika alivyosikia. Huku kwetu hamna shida, tunajuana. Kule kila jina ni mtu tofauti mpaka uthibitishe kwa karatasi. Nenda RITA urekebishe mapema, au pata kiapo cha wakili kinachoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, ufanye ukiwa hapa na ndugu zako wapo, maana kufanya hilo ukiwa Leeds kwa kumtuma mdogo wako na bodaboda ni mateso. Cheti cha ndoa kiwe kimesajiliwa serikalini. Ndoa ya msikitini ni ndoa, ya kanisani ni ndoa, ya kimila nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua, ila bila usajili hutakuwa na cha kuonesha. Na wanaofunga ndoa serikalini wakumbuke taarifa inatangazwa siku 21 kabla, msije mkamleta mgeni wa watu kwa likizo ya wiki mbili mkitegemea atafunga na kuondoka.

Kuna kipimo cha kifua kikuu, Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 lazima apime kwenye kliniki waliyoiidhinisha wao, siyo hospitali yoyote, na cheti chake kinadumu miezi 6, kwa hiyo usipime mapema ukaja kurudia. Hiyo na alama za vidole ni safari ya Dar, jipangeni nauli.

Kuna jambo limekaa kwenye midomo ya wengi humu ndani nalo nalisema wazi kwa heshima. Sheria yetu inaruhusu ndoa ya wake wengi. Uingereza haimpi viza ya mwenza mke wa pili wakati wa kwanza yupo kwenye nafasi hiyo. Kwa hiyo kaka unayeishi kule umemwacha mama watoto ukaja kuoa tena Mikindani ukamwahidi binti wa watu kwamba utamchukua, unamdanganya, na wazazi mnaopokea mahari mna haki ya kuuliza kabla, huyu bwana ana ndoa nyingine iliyosajiliwa au hana, na kama anasema ameachana naye tuone cheti cha talaka. Kuuliza siyo kukosa adabu. Na msije mkatengeneza cheti cha uongo ili mambo yapite, udanganyifu ukigundulika unaweza kukufungia mlango miaka 10, na unabaki kwenye rekodi.

Lugha ipo kwa ngazi tatu. Kuingia wanataka Kiingereza cha A1, ni kile cha kujitambulisha na kuuliza bei. Nyongeza wanataka A2. ILR wanataka B1, hapo unatakiwa uweze kuzungumza kwa dakika kadhaa kuhusu jambo na kujibu. Mwenye digrii aliyosoma kwa Kiingereza anaweza kuitumia, ila digrii ya chuo cha Tanzania inabidi kwanza ithibitishwe na taasisi yao inaitwa Ecctis. Halafu kwa ILR kuna mtihani wa maisha ya Uingereza, maswali 24, dakika 45, unatakiwa upate 18, ada pauni 50. Wanauliza historia, wafalme, bunge, sherehe zao. Kitabu kipo, unakisoma unakariri. Wenye miaka 65 na kuendelea wamesamehewa huo mtihani na hiyo lugha. Nawaambia akina mama msiuogope, wapo wanawake walioishia la saba wamefaulu kwa kusoma ukurasa mmoja mmoja baada ya kulaza watoto, ila anzeni mwaka wa tatu, msisubiri mwezi wa mwisho.

Tarehe. Nyongeza iombwe kabla viza haijaisha. Ukiomba kabla haijaisha, hata kama majibu yanachelewa, sheria inakulinda, unaendelea kukaa na kufanya kazi kwa masharti yale yale mpaka majibu yatoke. Ukichelewa hata wiki unaanza kuomba msamaha na kueleza sababu, na inaweza kuvuruga hesabu yako ya miaka 5. Kwa ILR nako kuna kukosea upande wa pili, mtu anaomba mapema mno. Unaruhusiwa kuomba siku 28 kabla ya kutimiza miaka 5, ukituma mapema kuliko hapo wanaweza kukataa na ile ada hurudishiwi kirahisi. Andika tarehe zako ukutani, weka kwenye simu, mpe na dada yako wa huku Mtwara akukumbushe. Kusafiri kuja nyumbani kunaruhusiwa, msiba, likizo, kujifungulia kwenu, ila ukikaa huku miezi na miezi wataanza kuuliza kama kweli makazi yenu ya pamoja yako kule, kwa hiyo tunza tiketi na sababu za kila safari ndefu.

Sasa naomba utulivu kwa hili, na wanaume pia msikilize maana linawapata na nyie.

Kuna maneno nimeyasikia kwa zaidi ya dada mmoja kule, na maneno ni yale yale kama wanaume hao wamefundishwa chuo kimoja: nikipiga simu moja tu unapandishwa ndege. Dada mmoja wa pwani yetu hii, sitamtaja, mume alikuwa anafungia pasipoti yake kwenye droo, simu anaikagua kila jioni, hela ya mshahara wake inaingia akaunti ya mume, anapigwa, na kila akitaka kusema kwa mtu anakumbushwa hiyo simu moja. Akavumilia kwa sababu alihesabu miaka, alisema nikifika mitano ndo ntaondoka.

Alikuwa haijui sheria, na yule bwana alikuwa anaitegemea hiyo kutojua kwake. Mume hana uwezo wa kukufuta viza. Mwenye uwezo ni Uhamiaji. Na kwa mtu aliyeko kwenye viza ya mwenza wa Mwingereza au wa mwenye makazi ya kudumu, ndoa ikivunjika kwa sababu ya ukatili, anaruhusiwa kuomba ILR papo hapo, hata kama ana mwaka mmoja tu, hasubiri miaka 5, haulizwi mtihani wala cheti cha lugha, na kama hana hela kabisa anaweza kuomba asamehewe ada. Wakati anajiandaa kuna ruhusa ya muda ya miezi 3 anayoweza kuiomba, inamfungulia benefiti na makazi ili apate pa kulala, ila lazima ombi la ILR liingie kabla hiyo miezi 3 haijaisha. Na ukatili siyo kipigo tu. Kukunyang'anya hela, kukufungia ndani, kukukata mawasiliano na kwenu, kukutishia na kibali, vyote vinahesabika.

Huyu dada alimwambia nesi wa kliniki siku alipobaki naye chumbani peke yao. Nesi akamfungia mlango, akampa namba, akapiga kutokea pale pale. Namba ya taifa ya msaada wa ukatili wa majumbani kule ni 0808 2000 247, ni bure, saa 24, na anaweza kuombewa mkalimani. Hatari ikiwa mlangoni ni 999. Leo yule dada ana ILR yake na anafanya kazi. Ushahidi wake ulikuwa barua ya kliniki, taarifa ya polisi, na picha alizokuwa anajitumia kwenye imeili ambayo mume hakuijua, ndo ile pasiwedi niliyowaambia. Wazazi mnaobaki huku, andikeni hiyo namba leo. Huku kwetu Umakondeni mwanamke hata ndoa ikimshinda ana kwao, ana wajomba zake, hawezi kukosa pa kuweka mkeka. Anapokuwa kule anadhani hana wa kumtetea ndo maana anavumilia, na akipiga simu nyumbani tunamwambia vumilia mwanangu ndoa ndivyo zilivyo. Msimwambie hivyo. Mwambieni apige hiyo namba, afu kaeni naye kwenye simu mpaka afanye.

Ndoa ikivunjika kwa amani tu, bila ukatili, hapo mambo ni tofauti, mnatakiwa kuwaarifu Uhamiaji, na wanaweza kufupisha viza, kwa kawaida wanakupa kama siku 60 ujue unafanyaje. Mwenye mtoto Mwingereza anaweza kuangalia njia ya mzazi. Na mwenza akifariki, mjane au mgane anaruhusiwa kuomba ILR hapo hapo, asifungashe mizigo siku ya arobaini akadhani safari imeisha. Wapo waliofungasha.

Kwa waliouliza nchi nyingine ntapita haraka. Australia unaomba viza mbili kwa ombi moja na ada moja, ya muda na ya kudumu, na ile ya kudumu kwa kawaida inaangaliwa miaka 2 baada ya siku uliyotuma ombi, nao wanapima hela zenu, nyumba yenu, watu wanaowajua na nia yenu ya kuishi pamoja, na nao wana kinga kwa aliyefanyiwa ukatili. Ujerumani mwenza wa Mjerumani anaweza kuomba ya kudumu baada ya miaka 3, kwa Kijerumani cha B1. Majina ya fomu ni tofauti lakini faili la barua ni lile lile.

Ukishaipata ILR kuna mawili. La kwanza, siku hizi kadi hakuna tena, hadhi yako iko mtandaoni kwenye akaunti yako, kwa hiyo ukibadilisha pasipoti ya Tanzania ingia uandike namba mpya, la sivyo unaweza kukwama eapoti Dar ukiwa na haki zako zote. La pili, ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo inapotea. Mtu aliyepanga kuja kulima Tandahimba miaka mitatu alijue hilo kabla hajakata tiketi.

Mzee pale nyuma ameuliza kabla hatujaanza, kwamba mtoto akipata hayo makazi ya kudumu si anakuwa Mwingereza, anapoteza Utanzania? Hapana mzee wangu. ILR ni kibali cha kukaa tu, pasipoti yake ni ile ile ya Tanzania, na shamba la mikorosho alilorithi linabaki lake. Kinachoondoa Utanzania ni kuchukua uraia wa kule, maana sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na asiye raia hamiliki ardhi hapa kama raia anavyomiliki. Bunge limeshapitisha mabadiliko ya kuwapa hadhi maalum wenye asili ya Tanzania, ni hatua nzuri, ila hadhi siyo uraia. Mwenye mwenza Mwingereza akishapata ILR na amekaa miaka 3 anaweza kuomba uraia mara moja, na wengine wanasukumwa na waume zao waombe haraka haraka. Mi msimamo wangu, asisukumwe mtu. ILR inakuruhusu kufanya kazi, kusoma, kupata benefiti, na mtoto utakayemzaa kule anazaliwa na uraia wa Uingereza. Kaa nayo hata miaka kumi huku unafikiria na wajomba zako.

Basi tuanze maswali. Mliokuja na vyeti vyenu tukae meza ile ya dirishani, tuangalie majina kwanza.